Usukani Ulipaswa Kukata Kushoto

Mliotazama mashindano ya uvuvi ya Jumamosi huko Shimoni mliona wenyewe. Nguru walikuwepo, tena wengi, wamewabana dagaa juu ya maji kando ya mwamba. Nahodha wa mashua iliyokuwa ikiongoza akaipitisha katikati yao. Ushindi ulipotelea hapo.

Shakwe walikuwa mbele, kulia kidogo, wakipiga mbizi mfululizo. Mkondo ulikuwa ukielekea kaskazini. Mashua ilikuwa ikirambaza kwa noti 6 hivi, rapala (chambo bandia) nne nyuma, mwendo barabara kabisa kwa nguru. Kilichotakiwa ni kukata kushoto, kuwaacha shakwe kuliani, kuwapita kwa mbali, kisha kugeuza kulia polepole. Rapala iliyo mita 40 nyuma haifuati njia ya mashua kwenye kona. Huikata kwa ndani. Mashua ingezunguka nje, chambo kikapita penye samaki. Tena kwenye kona hiyo rapala ya ndani hulegea na kupanda kidogo, ya nje ikakaza mwendo na kuzama. Nguru aliyekuwa akifuata tu, akiona badiliko hilo, huuma.

Nahodha akaongeza moto. Injini mbili zikanguruma juu ya vichwa vya samaki, povu likatanda, dagaa wakatawanyika, nguru wakazama. Shakwe wakainuka, wakawa wanazunguka juu bila kushuka. Rapala zote nne zikapita patupu.

Kosa si la mabaharia wake: waya zilifungwa vizuri, na kijana aliyempandisha kolekole mmoja baadaye alifanya kazi safi.

Nimelisema mara nyingi na nitalirudia: vioo hivi vya kutafutia samaki vinawaharibu manahodha. Huyu alikuwa ameinamia kioo wakati ndege wanamwonyesha kila kitu. Wazee wetu walirambaza kwa ngalawa na tanga moja, chambo chao manyoya ya kuku au utepe wa kitambaa cheupe. Hawakuwa na injini ya kufukuza samaki, na bado hawakuthubutu kupita juu ya kundi. Walilizunguka, wakalirudia, wakalizunguka tena, hadi chombo kikajaa.

Wazee wa aina hiyo bado wapo Vanga na Kizimkazi. Kabla ya mashindano yajayo, nahodha huyu aombe nafasi katika ngalawa ya mmoja wao, akae kimya, atazame mkono ulioshika usukani.