Usasa Uliokosa Uenyeji: Uhakiki wa Fikra za Ali Mazrui Juu ya Elimu

Utangulizi

Kazi za Profesa Ali Al'amin Mazrui (1933–2014) huhakikiwa aghalabu kama kazi za sayansi ya siasa. Hata hivyo suala la shule na chuo kikuu limo ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho: ni nani anayeuongoza mfumo wa elimu wa Afrika, unamnufaisha nani, na utatoka vipi katika kivuli cha mtawala aliyeuanzisha. Makala haya yanakusudia kuichunguza nadharia aliyoitoa mwaka 1975 juu ya ukombozi wa chuo kikuu cha Kiafrika, na kuipima kwa vipimo viwili. Kipimo cha kwanza ni maisha ya kazi ya mwandishi mwenyewe. Kipimo cha pili ni mahali, yaani Mombasa bara, katika mitaa ya Changamwe inayopakana na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Dai linalotetewa ni kwamba nadharia ile ni imara, ila mhimili wake ni lugha, na ni katika lugha ndipo utekelezaji wake ulipolegea.

Msomi na mtihani

Mazrui alizaliwa Mombasa tarehe 24 Februari 1933. Alipofanya mtihani wa Cambridge alipata daraja la tatu, na mlango wa Makerere ukafungwa mbele yake. Akashika kazi ya ukarani katika Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, chuo cha ufundi kilichopitia majina kadhaa hata mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Hotuba aliyoitoa katika hafla ya Maulidi, mbele ya Gavana Sir Philip Mitchell, ndiyo iliyomfungulia njia ya kwenda Uingereza kusoma. Alianzia Huddersfield, akapata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia mwaka 1961, na udaktari Oxford mwaka 1966. Hata kabla ya kutunukiwa udaktari huo alikuwa amekwisha kuwa profesa wa Makerere, chuo kilekile ambacho hakikumpokea kama mwanafunzi.

Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha ushindi. Kwa mhakiki wa elimu ni ushahidi dhidi ya mfumo. Mtihani uliotungwa ng'ambo ulishindwa kukitambua kipaji, nacho kipaji kikatambuliwa kwa bahati tu, kwa kuwa gavana alikuwapo siku ile. Usawa katika elimu hauwezi kujengwa juu ya bahati ya namna hiyo. Kwa hiyo haishangazi kwamba mtu aliyepita katika tundu la sindano ndiye aliyekuja kuuliza ni nani aliyelitoboa tundu lenyewe, na kwa nini likawa dogo hivyo.

Chuo kikuu kama tawi la kampuni

Katika makala yake iliyochapishwa mwaka 1975 katika jarida la elimu la Chuo Kikuu cha Harvard, na katika kitabu chake cha mwaka 1978 juu ya maadili ya kisiasa na tabaka la wasomi wa Afrika, Mazrui alikifananisha chuo kikuu cha Kiafrika na tawi la kampuni kubwa ya kimataifa. Tawi la kampuni hupokea mitambo, wataalamu na maagizo kutoka makao makuu, na hufanya biashara kwa faida ya makao hayo. Vivyo hivyo chuo kikuu kilipokea vitabu, walimu, mitaala na viwango kutoka Ulaya, na kwa upande wake kikazalisha watu wenye mahitaji na mapendeleo yaliyolifaa soko la huko.

Tamathali hii haikuwa ya kupambia maneno. Kuanzia mwaka 1949 Makerere iliwaandaa wanafunzi wake kwa shahada za Chuo Kikuu cha London, na hali hiyo iliendelea mpaka kilipoundwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki mwaka 1963. Aliyefaulu Kampala alihesabiwa kuwa amefaulu kwa sababu London imekubali. Uhuru wa bendera ulipokuja, makao makuu hayakulazimika kutuma tena wakaguzi, kwani wakuu wa matawi walikuwa wamekwisha kuziamini kanuni zake kama kanuni zao.

Mazrui alipendekeza njia tatu za kujinasua. Ya kwanza ni kuupa usasa uenyeji, yaani kuyafanya maarifa ya kisasa yaoane na mahitaji na utamaduni wa jamii inayoyapokea. Ya pili ni kuongeza idadi ya tamaduni za kigeni zinazochotewa, ili Afrika isitegemee Ulaya peke yake bali ijifunze pia kutoka Asia na Uarabuni. Ya tatu ni kujipenyeza upande wa pili, yaani Afrika nayo iingie katika fikra za wale walioiingilia, na iwe na sauti katika vyuo, vitabu na vyombo vyao vya habari.

Wapinzani wake wa mrengo wa kushoto hawakuridhika. Walter Rodney, aliyepambana naye katika mdahalo pale Makerere, alikuwa na mizani nyingine: utegemezi ni suala la uchumi na matabaka kabla ya kuwa suala la utamaduni. Hoja hiyo ina uzito, kwani Mazrui hakueleza vya kutosha ni tabaka lipi la Kiafrika lingekubali kuyaacha manufaa ya tawi. Lakini hoja hiyo nayo haitoshi. Tanzania, iliyotangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, iliendelea kufundisha kwa Kiingereza katika shule za sekondari. Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipopendekeza mabadiliko, pendekezo hilo halikutekelezwa. Hapa siasa ya kijamaa ilikuwapo na mipango ya kiuchumi ilikuwapo. Kizuizi kilisalia katika lugha na katika imani ya wasomi juu ya lugha. Kwa kulitilia mkazo suala la utamaduni, Mazrui alikuwa ameona jambo ambalo wapinzani wake walilipita haraka.

Mafanikio ya njia ya tatu

Kazi ya Mazrui mwenyewe ni mfano bora wa njia ya tatu. Baada ya kuiacha Uganda ya Idi Amin mwaka 1973, alifundisha Chuo Kikuu cha Michigan, na kuanzia mwaka 1989 akawa Binghamton katika jimbo la New York. Mwaka 1979 alitoa mihadhara ya Reith katika redio ya BBC. Mwaka 1986 filamu zake tisa juu ya Waafrika na urithi wao wa aina tatu, yaani asili ya Kiafrika, Uislamu na Umagharibi, zilionyeshwa Uingereza na Marekani. Hasira iliyozuka ilikuwa kubwa kiasi kwamba shirika la serikali ya Marekani lililochangia gharama liliomba jina lake liondolewe. Kwa miaka mingi Mwafrika alikuwa akielezwa na Mzungu. Safari hii Mzungu alielezwa na Mwafrika, na akayaona machungu ya kuelezwa na mwingine.

Lililo karibu zaidi na mada ya makala haya ni kazi aliyoifanya mwaka 1990 na 1991, alipokuwa mjumbe wa kamati ya kuupitia upya muhtasari wa masomo ya jamii katika shule za jimbo la New York. Kamati hiyo ilitaka historia ifundishwe kwa namna itakayowapa watoto wa asili zote nafasi ya kujiona ndani yake, na mwanahistoria Arthur Schlesinger alipinga. Kijana aliyeangushwa na mtihani wa Cambridge akawa mmoja wa watu walioamua mtoto wa Brooklyn asome nini.

Lakini swali la mhakiki ni hili: mtoto wa Magongo alipata nini?

Baba na mwana

Swali hilo halipaswi kujibiwa kwa lawama. Mazrui aliandika wazi juu ya hatari ya lugha. Katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya Kiingereza katika Afrika aliwachambua wale aliowaita Waafrika-Saksoni, yaani Waafrika ambao Kiingereza kimehamia hata nyumbani mwao. Mara nyingi aliitolea mfano Japani, iliyochukua ufundi wa Magharibi bila kuiacha lugha yake. Hata hivyo vitabu vyake vikuu viliandikwa kwa Kiingereza, navyo vilitetea uenyeji kwa lugha ambayo wenyeji wengi hawaisomi.

Ulinganisho ulio wa haki unapatikana katika nyumba yake mwenyewe. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Katika Sahifa aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu ambazo wasomaji wake walizizoea tangu chuoni. Aliwahimiza Waislamu wa pwani watafute elimu ya kisasa bila kuupoteza utu wao, akakemea kuiga Wazungu kijuujuu, na akadai shule zinazostahili. Makala hayo yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na jina hilo ni fundisho tosha: kwake uongozi wa elimu ulianzia katika kumsemesha mwenye mtoto kwa lugha ambayo mwenye mtoto ataijibu.

Kwa hiyo, miaka 45 kabla ya mwana kuitaja njia ya kuupa usasa uenyeji, baba alikuwa akiitembea. Mwana hakuwa ametimiza miaka 15 baba alipofariki. Alirithi maswali, lakini hakurithi chombo cha kuyajadilia. Mwaka 2017 sehemu za Uwongozi zilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na kwa njia hiyo Kiswahili cha baba kikawafikia wasomi wa ulimwengu. Njia ya upande wa pili, ya kuvileta vitabu vya mwana katika Kiswahili, ingali nyembamba mno.

Utetezi mmoja lazima usikilizwe. Mazrui alilihutubia bara zima, na msomaji wa Lagos au Accra hajui Kiswahili. Ni kweli, lakini utetezi huu unachukulia kwamba mwandishi hana budi kuchagua lugha moja. Ngugi wa Thiong'o, aliyedai pamoja na Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong mwaka 1968 kwamba Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, baadaye aliandika riwaya zake kwa Kigikuyu kisha akazitafsiri, na ulimwengu haukuacha kumsoma. Katika ukoo wa Mazrui wenyewe, Alamin Mazrui alitoa tamthilia ya Kilio cha Haki mwaka 1981 na diwani ya Chembe cha Moyo mwaka 1988, huku akiendelea kuandika kazi za kitaalamu kwa Kiingereza. Kumbe lugha mbili zinaweza kukaa katika kalamu moja.

Changamwe kama kipimo

Tarehe 19 Oktoba 2014 maiti ya Mazrui, aliyefariki Marekani siku saba kabla, ilipokewa katika uwanja wa ndege wa Mombasa, ikapelekwa kisiwani na kuzikwa katika makaburi ya Wamazrui karibu na Fort Jesus, kama alivyousia. Uwanja huo hauko katika mji wa Mvita wa makadhi na malenga. Uko bara, ng'ambo ya Makupa, na jirani zake ni Magongo, Chaani na Port Reitz, mitaa ya watu wa bandari, reli na viwanda, waliotoka pwani na bara ya Kenya na wanaoelewana kwa Kiswahili.

Mahali hapa panaipima nadharia vizuri kuliko maktaba. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 kanuni imekuwa kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na Kiingereza kishike kuanzia darasa la nne. Katika mitaa yenye watu wa makabila mengi kama hii, lugha ya eneo ni Kiswahili. Maana yake ni kwamba mtoto wa mchukuzi wa mizigo huachana na lugha anayofikiria kwayo akiwa na umri wa miaka kumi hivi, wakati hesabu na sayansi zinapoanza kuwa ngumu. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hizo ni hatua kubwa. Lakini somo la lazima si lugha ya maarifa, na mtoto huyo angali anafundishwa kwamba Kiswahili ni cha insha na ushairi, na maarifa mengine yana lugha yake.

Kisingizio cha upungufu wa istilahi kimekwisha kujibiwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kinachopungua ni uamuzi wa wanaoongoza shule, na imani ya wazazi waliokwisha kuona kwamba wanaofaulu ni wale wanaoondoka. Elimu iliyopangwa kwa ajili ya kuondoka huwahudumia wachache watakaopanda ndege, na huwaacha wengi wanaoisikia ikipita juu ya mapaa yao.

Hitimisho

Njia tatu za Mazrui hazina uzito sawa. Ya tatu inaweza kutekelezwa na mtu mmoja mwenye kipaji, naye aliitekeleza kwa namna ambayo wachache wataifikia. Ya kwanza haiwezi kutekelezwa na mtu mmoja. Inahitaji shule, walimu, vitabu na lugha inayosemwa mtaani. Kumsifu kwa ile ya tatu na kuisahau ya kwanza ni kuyahesabu mafanikio ya msomi kana kwamba ni ukombozi wa wanafunzi.

Wajibu unaofuata unazihusu idara za lugha za Kiafrika kabla ya kuwahusu wengine. Makala ya mwaka 1975 yatafsiriwe kwa Kiswahili na yasomwe katika vyuo vya ualimu sambamba na Uwongozi, ili mwalimu mkuu wa shule ya Chaani aweze kubishana na Mazrui kwa lugha yake mwenyewe. Inawezekana kabisa kwamba atamkosoa kwa ukali. Ukosoaji huo utakuwa wa thamani kuliko sifa, kwa kuwa utakuwa umetoka kwa msomaji ambaye nadharia ile ilimkusudia na haikuwahi kumfikia.