Msimamizi, Mdhamini na Mlezi: Uhakiki wa Tafsiri za Neno "Godfather"

Mfasiri akutanapo na neno la Kiingereza "godfather", aghalabu hutafuta neno moja la Kiswahili litakalofaa kila mahali. Neno hilo halipo, wala haitupasi kulibuni.

Asili yake ni ubatizo. Kwa Wakatoliki, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yataka mwenye wajibu huo awe, kwa kawaida, ametimiza miaka 16 na kupokea Kipaimara, wala asiwe mzazi wa mbatizwa. Kazi yake ni kumsaidia mbatizwa aishi kwa imani yake. Waumini humwita msimamizi, au baba wa ubatizo. Istilahi hizi zatosha.

Wapo wapendeleao "mdhamini". Hao hawakulipima neno. Tuchukue mfano wa mji wa Tunduma, mkoani Songwe. Mzigo utokao bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia hupita hapo chini ya dhamana ya forodha. Ukichepushwa na kuuzwa nchini, mdhamini hudaiwa ushuru. Mahakamani nako, mdhamini hujifunga kwamba mshtakiwa atahudhuria. Je, mtoto akiiacha dini ukubwani, aliyesimama naye kisimani atozwe nini? Mdhamini hudaiwa, msimamizi huongoza. Tukiyachanganya, mtu mwema aweza kuukataa wajibu kwa kuogopa deni lisilokuwapo.

Maana ya pili ilienezwa na riwaya ya Mario Puzo ya mwaka 1969 na filamu yake ya mwaka 1972: mkuu wa genge la wahalifu. Basi tuseme hivyo hivyo, mkuu wa genge. Kumwita baba wa ubatizo ni kumvika kanzu asiyostahili.

Maana ya tatu ni ya siasa: mwenye nguvu agawaye vyeo kwa siri. Hapa "mlezi" hujitokeza haraka, nasi twalikataa. Mlezi wa chama au jumuiya hutangazwa hadharani; kumpa jina hilo atendaye gizani ni kumsafisha. Wananchi wamekwisha kutupa usemi: fulani "anabebwa na kigogo". Usemi huo wataja mwenye nguvu na tendo lake pia.

Kwa hiyo mfasiri asiulize neno hili huitwaje kwa Kiswahili. Aulize kwanza: anayetajwa hapa anafanya nini?