Rangi ya Jezi ni ya Nani?

Wasomaji wetu wengi wamepata kusimama kando ya kiwanja siku ya mchezo, nao wajua ya kuwa kabla mpira haujapigwa maneno huwa yamekwisha kuanza. Mmoja asema, "Hizi jezi mpya zapendeza kweli." Wa pili amjibu ya kuwa zafanana na magunia ya sukari. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mzee kuliko wenzake, hasemi habari ya uzuri wala ya ubaya, auliza tu, "Zile zetu ziko wapi?"

Katika maneno hayo mna hukumu za namna mbili. Ya kwanza ni hukumu ya jicho, ya pili ni hukumu ya ukumbusho. Watu huzichanganya, na kwa kuzichanganya hugombana bure, kwa maana mtu aulizwaye habari ya ukumbusho hawezi kujibiwa kwa habari ya uzuri. Hatuoni kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi kupita kile cha chama cha mpira cha Cardiff City, katika nchi ya Wales. Basi twaomba msomaji atuvumilie tukieleze tangu mwanzo wake.

Chama hicho kilianzishwa mwaka 1899 kwa jina la Riverside, na jezi zake za kwanza hazikuwa za buluu hata kidogo, bali za kahawia na manjano, zimegawanyika mapande manne. Mwaka 1908 kikapata jina la Cardiff City, na katika miaka hiyo kikashika buluu. Mwaka 1911 mchezo wa kuigiza wa Maurice Maeterlinck, mtu wa Ubelgiji, uitwao Ndege wa Buluu, ulionyeshwa mjini humo. Baada ya hapo watu wakawapa wachezaji wao jina hilo la ndege, nalo likawashika. Mwaka 1927 Ndege hao wakafika Wembley katika mchezo wa mwisho wa Kombe la FA, wakaifunga Arsenal bao 1 kwa 0. Wala tangu siku ile hakuna chama kingine cha nje ya mipaka ya England kilicholichukua kombe hilo. Hivyo buluu ikawa rangi ya mji.

Mwaka 2010 tajiri mmoja wa Malaysia, Vincent Tan, aliingiza fedha zake katika chama, na chama kilikuwa na madeni mengi. Miaka miwili baadaye, Mei 2012, habari zikavuja ya kuwa jezi zitakuwa nyekundu. Mashabiki wakapiga kelele, na shauri likarudishwa nyuma. Lakini mwezi wa Juni likatangazwa tena, na mara hii likatimizwa. Nyekundu ikawa ya nyumbani, buluu ikawekwa kwa michezo ya ugenini, na katika nembo joka jekundu akatanda mahali pote, yule ndege akawekwa chini yake, mdogo kama kifaranga. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kwamba nyekundu yapendwa katika nchi za Asia na huhesabiwa kuwa rangi ya bahati, kwa hiyo jezi zitauzika huko. Na pamoja na hiyo zikaja ahadi za fedha nyingi.

Hapa yafaa tuwe waadilifu. Hoja ya tajiri haikuwa ya kijinga. Joka jekundu ndiye aliye katika bendera ya Wales, na timu ya taifa huvaa nyekundu. Hawezi mtu kusema ya kuwa rangi ile ililetwa kwa merikebu kutoka mbali. Hata kwa jicho, jezi ile haikuwa mbaya. Lau tungeiona mahali pengine, imevaliwa na watu wengine, labda tungaliisifu. Lakini kosa lake ni hili: watu wa Cardiff walikwisha kuwa na nyekundu yao, ya taifa, nao waliivaa siku ya taifa pamoja na watu wa Swansea ambao ni watani wao wakali. Siku ya chama walitaka kuwa wao wenyewe. Ukimpa mtu jina la taifa lake badala ya jina la baba yake, hukumtukana, walakini umemnyang'anya kitu.

Ndipo likatokea jambo la ajabu. Katika msimu ule wa kwanza wa nyekundu, Cardiff ikawa ya kwanza katika daraja lake, ikapanda mwaka 2013 kuingia ligi ya juu, mahali ambapo haikuwapo tangu 1962. Shabiki afanye nini sasa? Aliyoyangoja babaye miaka hamsini yametimia, nayo yametimia kwa rangi asiyoitaka. Wengine walisema, "Rangi ni kitambaa tu, ushindi ndio chakula." Wengine wakaendelea kuvaa buluu jukwaani huku wakiwashangilia watu wenye nyekundu. Hatuwacheki hao. Twaona walikuwa katika taabu ya kweli, taabu ya mtu aliyepewa nyumba kubwa kwa sharti la kulihamisha kaburi la wazee wake. Mwaka 2014 timu ikashuka tena, ikiwa ya mwisho kabisa. Mashabiki wakaandamana, na viti vitupu uwanjani vikazidi. Tarehe 9 Januari 2015 chama kikatangaza ya kuwa buluu yarudi. Tajiri mwenyewe alieleza ya kuwa mama yake, mwenye dini ya Buddha, alisema naye juu ya umoja na furaha ya watu. Kesho yake wachezaji wakaingia uwanjani wamevaa buluu.

Jambo hili limetugusa kuliko tulivyotazamia, kwa sababu sisi nasi tumewahi kuwa upande wa tajiri. Katika shule moja tuliyofundisha, timu ilikuwa na fulana za kijani zilizochakaa, nyingine zimetiwa viraka vya kitambaa cha rangi isiyolingana. Mfanyabiashara mmoja akatoa jezi kumi na tano mpya, za rangi ya machungwa, rangi ya duka lake. Tulimshukuru kwa barua nzuri, tukawavika watoto, wala hatukuuliza mtu. Siku ya mchezo na shule ya jirani wakaja wazee waliosoma pale zamani, na mmoja wao, mwenye macho mabovu, akakaa kipindi kizima akiishangilia shule ya jirani, kwa kuwa ndiyo iliyovaa kijani. Vijana wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa maana tuliona ya kuwa mzee hakukosea. Tuliokosea ni sisi. Zawadi ilikuwa njema, lakini ilimpasa mtu mmoja kati yetu aseme, "Bwana, twashukuru, je, yawezekana ziwe za kijani?" Neno hilo dogo hatukulisema, kwa kuogopa kuonekana watovu wa shukrani.

Wala mtu asidhani ya kuwa twasema rangi isibadilishwe kamwe. Mashabiki nao wana kosa lao, tena kubwa: huita cha milele kitu ambacho babu zao walikiona kikiletwa sokoni. Mtu wa Cardiff aliyelia kwa ajili ya buluu hakukumbuka kahawia na manjano ya Riverside. Juventus ya Italia, ambayo leo hakuna awezaye kuifikiria bila milia myeusi na myeupe, ilianza kwa kuvaa rangi ya waridi. Milia ile ililetwa mwaka 1903 kutoka Nottingham huko Uingereza, ikiwa ni jezi za Notts County. Kitu cha kuazima kimekuwa urithi. Basi hoja ya "tangu zamani" peke yake ni dhaifu, na mwenye kuitumia sharti aitumie kwa adabu.

Mfano wa kubadili vizuri twaupata Brazili. Hata mwaka 1950 timu ya taifa ile ilivaa nyeupe. Mwaka huo, tarehe 16 Julai, katika uwanja wa Maracanã, walifungwa na Uruguay mabao 2 kwa 1, wakakosa Kombe la Dunia mbele ya watu wao wenyewe, na wengi wakaichukia jezi ile nyeupe. Twasema kwa haki, nyeupe haikufungwa; waliofungwa ni watu. Lakini walipoamua kuibadili, hawakumwachia mtu mmoja mwenye fedha. Mwaka 1953 gazeti la Correio da Manhã likatangaza mashindano: yeyote apendaye achore jezi, kwa sharti la kutumia rangi zote nne za bendera, yaani kijani, manjano, buluu na nyeupe. Aliyeshinda hakuwa fundi mashuhuri wa mji mkuu, bali kijana, Aldyr Garcia Schlee, mzaliwa wa Jaguarão, mji ulio mpakani kabisa mwa Uruguay. Alichora fulana ya manjano yenye ukosi wa kijani, na kaptula ya buluu yenye mstari mweupe. Ilivaliwa mwaka 1954, na leo hata mtoto asiyejua Brazili iko upande gani wa dunia huijua jezi yake.

Tazameni uhodari wa kazi ile. Kuchanganya rangi nne bila kumfanya mtu aonekane kama kasuku si jambo rahisi. Schlee aliipa manjano mahali pakubwa, buluu akaishusha chini, na kijani na nyeupe akazifanya kuwa pindo tu. Kila rangi imepata nafasi yake wala hapana inayomsukuma mwenziwe. Hapa jicho na ukumbusho vyapatana, kwa maana bendera ilikuwa ya watu wote tangu kabla ya jezi. Na hata walipolazimika kuiacha katika mchezo wa mwisho wa mwaka 1958, kwa kuwa Sweden nao walivaa manjano, waliingia na buluu iliyotoka katika bendera ileile, wakashinda 5 kwa 2.

Lakini kuna hukumu ya tatu ambayo mashabiki huisahau, nayo ni ya yule aivaaye. Mwaka 1996 Manchester United walikuwa na jezi za ugenini za rangi ya kijivu. Tarehe 13 Aprili, kule Southampton, walifungwa mabao 3 katika kipindi cha kwanza. Wakati wa mapumziko wakazivua, wakarudi na nyingine za buluu na nyeupe, na mchezo ukaisha 3 kwa 1. Mwalimu wao, Alex Ferguson, alisema wachezaji hawakuweza kuonana vizuri kwa mbali, kwa kuwa kijivu kilipotelea katika umati wa watu. Wengi walimcheka, na huenda alitafuta udhuru. Hata hivyo walikuwa wamevaa jezi zile mara tano bila kushinda hata mara moja, nazo hazikuvaliwa tena. Na timu ya wanawake ya England ilivaa kaptula nyeupe kwa muda mrefu, mpaka wachezaji wakasema wazi ya kuwa nyeupe yawatia wasiwasi katika siku zao za mwezi. Mwaka 2023 wakapewa kaptula za buluu. Mashabiki walikuwa wamebishana miaka mingi juu ya ukosi na mikono na vifungo. Jambo lenye maana kuliko yote halikuwajia akilini, kwa sababu lilikuwa la kusemwa na wenye kuzivaa, na hao hawakuulizwa.

Huku kwetu mabishano ya rangi hayahitaji kuelezwa. Mtu wa Yanga huikwepa nyekundu hata katika kanga ya mkewe, na mtu wa Simba hutazama kijani na manjano kama atazamavyo mvua siku ya kuanika mpunga. Chama cha Simba kiliitwa Sunderland hata mwaka 1971, kwa jina la chama cha Waingereza; jina lile likaachwa, walakini nyekundu na nyeupe ndizo zinazokitambulisha hata leo. Twadhani hilo lamfundisha mwenye chama kitu: jina laweza kujadiliwa mezani, rangi imekwisha kuingia nyumbani mwa watu. Kinachotusikitisha zaidi siku hizi si kubadili rangi, bali ile desturi ya kutoa jezi mpya kila mwaka, mstari umeongezwa huku, ukosi umekatwa kule, hata baba mwenye watoto watatu hajamaliza kulipa ya jana naye adaiwa ya leo. Mashabiki hubishana kama mstari ule wapendeza. Wangeuliza kwanza ulihitajika kwa sababu gani.

Turudi Cardiff tumalize. Buluu iliporudi mwaka 2015, nembo nayo ilichorwa upya. Ndege akarudi mahali pake pa juu, akawa mkubwa tena. Lakini joka hakufukuzwa kabisa, aliachwa chini, mdogo. Baadhi ya mashabiki walinung'unika, wakitaka aondolewe asionekane. Sisi twaona mchoraji alifanya vema kumwacha. Miaka ile ya nyekundu ilikuwako, na timu ilipanda ikiwa imeivaa, na mtoto atakayemwuliza babaye yule joka alitoka wapi atasimuliwa habari yote.