Asilimia na Hukumu: Juu ya Kuhesabu Maneno katika Tendi za Lamu

Iko njia ya uhakiki ambayo huyahesabu maneno ya utendi, huyagawa kwa asili zake, kisha hutoa hukumu kwa asilimia. Yakizidi yenye asili ya Kiarabu, husemwa kuwa mshairi ameupa kisogo Ubantu wake. Hukumu hiyo si ndogo, kwani ndani yake mna swali la Kiswahili ni lugha ya nani. Twadai hapa kwamba kasoro imo katika hesabu yenyewe, hata kabla ya kufika kwenye fasihi.

Asilimia hazina budi kutimia 100. Fungu moja likipanda, mengine hushuka, mshairi apende asipende. Karl Pearson alitahadharisha mwaka 1897 juu ya uhusiano wa uongo utokanao na hesabu za namna hii. Utendi wa Mwana Kupona (1858) una wosia kwa binti na pia dua ndefu. Tuchukue mfano wa kubuni wa umbo hilo: wosia wenye maneno 60 ya Kibantu, 30 ya Kiarabu na 10 ya asili nyingine. Dua ikiongeza maneno 25 ya Kiarabu, Kibantu chashuka kutoka asilimia 60 hadi 48, ilhali hapana neno hata moja lililofutwa.

John Aitchison alipendekeza mwaka 1982 tutazame logarithi za uwiano wa mafungu. Katika mfano wetu, Kibantu kwa asili nyingine ni 6 kwa 1, kabla ya dua na baada yake. Kilichobadilika ni Kiarabu peke yake, na hilo ndilo tendo la mshairi. Logarithi nayo huuweka uwiano wa 2 kwa 1 na ule wa 1 kwa 2 katika umbali sawa kutoka sifuri.

Leo programu ya takwimu iitwayo R hufanya kazi hii kwa amri moja. Lakini programu haijui fasihi. Fungu lipi litumike kugawia mengine? Neno "dunia" lihesabiwe la Kiarabu hadi lini? Na fungu lisilotokea kabisa, kama Kireno katika utendi mfupi, litendeweje, maadamu sifuri haina logarithi? Majibu ni ya mhakiki, naye apaswa kuyaeleza waziwazi kabla ya kuuhukumu Uswahili wa mtu.