Ni mkono wa nani ulioshika fimbo? Juu ya picha ya "Colonie belge"

Picha hii inajulikana sana Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, hata na watu wasiojua jina la aliyeichora. Ni uwanja wa gereza. Bendera ya Ubelgiji inapepea. Mfungwa mmoja amelazwa chini, askari anainua fimbo ya ngozi ya kiboko, Mzungu yuko pembeni anaangalia. Miaka ya 1970 wachoraji wa mjini waliichora mara nyingi, juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, na watu wa kawaida wakaitundika katika salon karibu na mamba muntu. Waliiita ukumbusho. Anayejulikana zaidi kati ya wachoraji hao ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, ambaye katika 1973 na 1974 alichora historia yote ya inchi kwa picha zaidi ya 100.

Kwetu sisi, picha hii inajibu ulizo moja kubwa: namna gani watu kidogo wa mbali wanaweza kushinda na kutawala inchi inayopita yao zaidi ya mara 75? Jibu tunalosikia kila siku ni: "Bo balikuwa na bunduki, siye tulikuwa na mishale." Mchoraji anatuonyesha jambo lingine. Angalieni mkono ulioshika fimbo. Ni mkono wa mwenzetu. Mzungu hagusi kitu.

Historia inampa haki. Msiri wa Bunkeya hakukosa bunduki. Alizipata kwa pembe za tembo na shaba. Msafara wa Stairs uliofika kwake mwaka 1891 ulikuwa na Wazungu watano tu; askari na wapagazi wake walikuwa Waafrika, wengi wao walioandikwa kazi Zanzibar. Bodson alimwua Msiri tarehe 20 Desemba, naye akapigwa risasi palepale, akafa kwa jeraha hilo. Lakini Wasanga walikuwa wamekwisha kumwasi Msiri, na kisha kifo chake mwana wake Mukanda-Bantu akashirikiana na Serikali mpya kuwapiga haohao Wasanga. Kidole kimoja hakivunji chawa: mgeni alikipata kidole cha pili kwetu.

Hata hivyo, tusimhukumu yule askari haraka. Force Publique ilichukua vijana wengi kwa nguvu na kuwapeleka mbali na kwao. Kisha maasi ya Luluabourg ya 1895, wakubwa walizidi kuchanganya makabila katika vikosi. Basi aliyepiga na aliyepigwa mara nyingi hawakuwa na lugha moja ya mama. Hiyo njo akili ya utawala: kumfanya mwenzako kuwa mgeni kwako.

Hapa tunaona upungufu wa picha. Fimbo inaonekana, lakini haikufanya kazi peke yake. Iko wapi medali? Kwa dekreti ya mwaka 1910, wafalme wetu walitambuliwa na Serikali na kuvalishwa medali. Aliyekataa aliweza kuondolewa na mwingine kuwekwa fasi yake. Liko wapi daftari la kodi? Kodi ya franka ilimsukuma mwanaume kutoka kijijini hadi mgodini, bila mtu kumfunga kamba. Bwana administratere alipanda kipoyi akaenda zake. Medali na daftari vilibaki. Ingefaa mchoraji mmoja angalau aweke katika uwanja ule meza, karani na mfalme wa medali. Picha ingekuwa na damu kidogo, na ukweli zaidi.

Tunaandika haya kwa sababu wazazi wengi, mtoto akiuliza, wanajibu: "Njo vile Babelgiji balikuwa banatutesa," na maneno yanaisha. Tshibumba aliandika juu ya picha yake "1885-1959", kama vile jambo lilifungwa. Lakini walionunua katika miaka ya Zaire walijua kwamba kisha tarehe 30 Juni 1960 aliyeondoka ni yule wa pembeni. Fimbo ilibaki, na mkono ulibaki.

Mifuko ya unga inaoza, rangi inabanduka. Mwenye kuwa na picha hii nyumbani aichunge vizuri. Na siku mtoto atakapouliza, amwonyeshe kwanza ule mkono.