Hela ya Karakana

Kioo cha kukuzia huwekwa karibu na jicho, si karibu na sarafu. Hilo ndilo wanaoanza hulikosea. Kisha sarafu unaileta polepole, umeishika kwa kingo, mpaka herufi zitulie. Hii yangu imeandikwa 20, na chini yake HELLER. Ziache herufi nyingine, itazame L ya pili tu: ncha ya mguu wake imejikunja kwenda juu, kama mkia wa nge aliyesikia hatua. Zipo nyingine zilizotoka karakana moja na hii, mwaka mmoja nayo, ambazo ncha zake zimechongoka bila mkunjo wowote. Upande wa pili kuna taji, na taji nalo lina sura mbili, kubwa na dogo. Watu wazima, wenye familia na madeni, tunaweza kubishana juu ya mkia wa L mpaka adhana ya magharibi.

Wageni wangu huuliza swali moja kabla chai haijapoa: ipi ndiyo ya thamani kuliko zote? Siwalaumu. Ukikaa mbele ya kasha la sarafu utamtafuta mfalme wao. Nami huitoa hii. Ni ya shaba njano, nene, rangi yake imefifia, na duara lake si duara hasa. Wengi hunyamaza kwa adabu wakarudi kwenye kikombe. Mpwa wangu aliyekuja likizo ya Disemba hakuwa na adabu hiyo.

"Mjomba, ndiyo hii?"

Ndiyo hii. Ninazo ambazo zingepata mnunuzi upesi zaidi. Ninayo florini ya 1920, ile pesa ya Waingereza iliyopita kama mgeni wa njiani kabla shilingi haijaingia mwaka uliofuata. Ninayo rupia ya fedha yenye Kaisari Wilhelm wa Pili kavaa kofia ya chuma yenye ndege juu, uso umeng'aa utadhani jana ametoka kwa kinyozi. Lakini zile hazijanikesha. Hii imenikesha.

Kwanza jina lake. Sisi husema hela kuanzia asubuhi mpaka tunalala: sina hela, hela ya mboga, hela ya nauli, kijana ana hela huyo. Neno lilitoka kwenye heller ya Wajerumani walipotutawala. Hadi mwaka 1904 rupia yao iligawanywa pesa 64, kwa hesabu iliyotoka India. Ndipo wakaibadilisha, rupia moja ikawa heller 100. Wakaondoka Wajerumani, ikaondoka na sarafu yao, neno likabaki limekaa kitako kinywani mwetu kama mpangaji asiyejua kuhama. Mamilioni tunaitaja kila siku na wachache wameigusa. Nilipomwambia mpwa wangu kwamba ameshika hela kwa jina na kwa mwili, aliitazama mara ya pili.

Pili, mahali ilipozaliwa. Chini ya mwaka 1916 kuna herufi T. Hiyo ni Tabora. Sarafu za koloni zilikuwa zikichapwa Ujerumani na kuja kwa meli. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, manowari za Waingereza zikafunga bahari, na shehena za sarafu zikakatika. Nchi kavu nako, mwenye rupia ya fedha aliificha. Serikali ikaanza kuchapa noti humuhumu nchini tangu 1915, karatasi za haraka haraka. Lakini mpagazi aliyebebeshwa mzigo kwa siku kadhaa porini, akivuka mito na kulala mvuani, umlipe karatasi? Alitaka kitu kinacholia kikianguka juu ya jiwe.

Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma miaka miwili tu kabla, 1914, na upande wa Tabora kulikuwa na karakana yake: mashine za kukerezea, tanuri, tupa, koleo, watu waliozoea kuunga kilichovunjika. Humo ndimo walimoamua kuchapa fedha ya nchi. Shaba ilikusanywa popote ilipopatikana, pamoja na maganda matupu ya risasi za vita. Wakachapa heller 5 na heller 20. Wakachapa na dhahabu, iliyotoka mgodi wa Sekenke, kule Iramba: sarafu ya rupia 15, upande mmoja tai wa Kaisari, upande wa pili tembo ameinua mkonga na milima nyuma yake. Za dhahabu zilikuwa 16,198 tu, na wakusanyaji duniani kote huzigombania. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Mtu akinizawadia moja sitamrudishia. Ila tembo yule alichongwa na mkono uliojua uzuri, kwa madini yanayotii. Mimi nampenda yule aliyehangaika na shaba ya mabaki.

Maana kazi yenyewe ni hii. Anayechonga muhuri wa sarafu hachongi kitu kama atakavyo kionekane. Panapotakiwa mwinuko, yeye huchimba shimo. Kulia hukuweka kushoto. Maandishi huyaandika yakirudi nyuma, kama unavyoyaona kwenye kioo cha kinyozi, na herufi kama R na L humsubiri akosee. Huchonga chuma kikiwa laini, kwa patasi ndogo, akipuliza vumbi na kupima kila mara kwa kubonyeza nta au udongo aone kinachotoka. Akimaliza hukitia moto mpaka kiwe chekundu, kisha hukizamisha ghafla ili kiwe kigumu. Hapo ndipo siku nyingi za kazi zinaweza kupotea kwa sekunde moja. Kikizidi ugumu kitapasuka. Kikipungua, uso utabonyea baada ya mapigo machache na taji litakuwa kama chapati. Berlin walikuwa na watu waliozaliwa katika kazi hiyo na mashine za kuwasaidia. Tabora kulikuwa na mafundi wa treni.

Ndivyo ninavyosoma mkia wa L. Muhuri ulipochoka ulichongwa mwingine, na mkono, hata uwe hodari vipi, haurudii herufi ileile kama mashine. Siku moja ncha ikajikunja, siku nyingine ikachongoka. Huenda ni mafundi wawili, huenda ni mmoja aliyeboreka. Kwenye sarafu ya Berlin usingemwona mtu hata ukodoe macho. Hapa yupo.

Yangu ina alama nyingine. Upande wa taji, mstari mwembamba kama uzi unashuka kutoka kwenye taji mpaka ukingoni. Asiyejua atasema imekwaruzwa na msumari. Lakini mkwaruzo huzama. Mstari huu umeinuka. Ni kwamba muhuri wenyewe ulikuwa umeanza kupasuka, na kila ulipopigwa shaba iliingia kwenye ufa na kutoka nao. Fundi aliuona bila shaka. Ukishapiga sarafu mia moja unajua mlio wa chuma kinachokufa. Akaendelea kupiga, maana vita havikumngoja achonge mwingine. Tena ilipigwa kando kidogo, ukingo wa kushoto haupo kabisa. Mnadani hizi ni kasoro na hushusha bei. Mimi ndizo nilizolipia.

Sikuanza na busara hii. Sarafu yangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Ilikuwa pesa ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, ile yenye mizani upande mmoja, kana kwamba inamwambia muuzaji nazi apime kwa haki. Niliikuta kwenye kopo la vifungo la bibi, imekuwa nyeusi. Nikaisugua kwa ndimu na majivu kama sufuria ya futari mpaka ikang'aa. Nikaipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa akikusanya tangu kabla sijazaliwa. Aliigeuza mara moja, akanirudishia. "Mwanangu, umemchuna ngozi," akasema, akaendelea na kahawa yake. Nilikuwa nimeondoa kwa dakika kumi kile ambacho shaba ilijifunika nacho kwa miaka mingi, na pamoja nacho mistari myembamba ya mchongaji. Ninayo mpaka leo. Inang'aa kama kitasa cha benki na haina la kusema. Tangu hapo mkono wangu ni mkavu, sarafu nazikamata kwa kingo, nazifunga kwenye karatasi, na mifuko laini ya plastiki inayoacha utando wa kijani nimeipiga marufuku nyumbani.

Na ufundi huu pwani yetu haikuusubiri Mjerumani. Masultani wa Kilwa walichapa shaba yao wenyewe karne nyingi kabla, vipande vidogo. Havina mwaka. Vina kitu kingine: maneno ya upande mmoja, jina la sultani, yana vina na maneno ya upande wa pili, ya kumtegemea Mungu. Sarafu ni ubeti. Ukitaka kuumaliza ni lazima uigeuze. Kimoja kilipatikana Zimbabwe Kuu. Vitano viliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na sijui nani anaweza kusikia hilo akalala mapema. Mchongaji wa Kilwa naye alichonga kinyume, tena kwa Kiarabu, tena kwenye uwanja mdogo kama kifungo, na vina vikakaa. Jina la sultani tunalo. La kwake hatuna, kama tusivyo na la yule wa Tabora.

Mitambo ya Tabora haikupiga kwa muda mrefu. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo wa 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia mjini, na T ya Tabora haikupigwa tena kwenye sarafu. Hayo nilikuwa namweleza mpwa wangu, nikitaraji ameshachoka na kurudi kwenye simu. Kumbe alikuwa ameinamisha kichwa chini ya taa, kioo karibu na jicho kama nilivyomwonyesha, na kucha ya kidole kidogo inatembea juu ya taji, taratibu, inapanda, inakwama.

"Mjomba," akasema bila kuinua macho, "hapa chuma kilikuwa kimepasuka."