Askari wa Kaunta Hajaandikwa

Polisi wa hadithi zetu ni wawili tu, anayechekesha na anayeua. Wa kwanza tumeishi naye miaka kwenye runinga. Inspekta Mwala, aliyechezwa na Davis Mwabili, amekuwa kama jamaa wa nyumbani. Wa pili ndiye yule wa Nairobi Half Life (2012), filamu ya David “Tosh” Gitonga: bastola, hongo, na vijana wanaopelekwa kuuawa bila hakimu. Filamu ile naipenda, na sioni kama imemsingizia mtu. Sisi wa Kibokoni hayo hatuhitaji kufunzwa. Ripoti ya Haki Africa ya 2016 ilihesabu visa 81 vya waliouawa au kupotezwa hapa Pwani tangu 2012.

Ila wote wawili wana kasoro moja ya kiuandishi: hawalali. Hatuwaoni wakivua buti. Hatuoneshwi saa tisa ya usiku, mtu kakaa kitandani kwenye nyumba ya kambi aliyogawana na mwenzake kwa pazia. Crime and Justice, tamthilia ya Showmax ya 2021, imesogea kidogo, lakini wale ni wapelelezi wa kesi kubwa. Konstebo wa zamu bado anapita nyuma ya kamera.

Na hadithi tulikuwa nayo mlangoni. Tarehe 11 Septemba 2016 wanawake watatu waliingia kituo cha polisi cha Central, hapo tu, mwendo wa miguu kutoka kwetu, wakisema wameibiwa simu. Kisu kikatolewa, bomu la petroli likarushwa, askari wakajeruhiwa, na wanawake wote watatu wakapigwa risasi wakafa. Magazeti yakaandika ugaidi. Watetezi wa haki wakauliza kama palikuwa na haja ya kuwaua. Swali hilo ni la haki na mimi sijaliacha. Lakini mwandishi wa hadithi ana swali jingine, dogo: baada ya hapo, nani alikaa kwenye kaunta ile?

Kwa sababu kituo lazima kifunguliwe. Atakuja mama wa watu na buibui lake, simu imeibiwa kweli, pale Marikiti. Askari atauangalia mkoba. Mama ataona anavyoangaliwa. Mkono mmoja wa askari uko kwenye kitabu cha ripoti, na wa pili je? Wote wawili wanaogopa, ila hofu ya mmoja ina bunduki. Wallahi hapo pana riwaya nzima, na hakuna aliyeshika kalamu.

Mwenzangu mmoja wa barazani ananiambia nataka tuwaonee huruma waliotuonea. La hasha. Kumwandikia mtu kilichomo kichwani si kumfutia kesi. Polisi wa Nairobi Half Life anaua kama mvua inavyonyesha, na mvua nani ataiuliza? Askari aliyeandikwa pamoja na hofu yake, usingizi wake uliokatika na pombe yake ya kuutafuta, huyo msomaji atapaona mahali alipoweza kuzuia kidole asizuie. Huyo ndiye wa kushtakiwa sawasawa.

Tena lugha yenyewe inatubana. Barazani mtu ni mzima au ana wazimu. Wa katikati tunamwambia ana mashetani, apelekwe kwa mganga au asomewe. “Msongo wa mawazo” limebaki neno la semina. Kamati ya David Maraga ilikabidhi ripoti yake kuhusu polisi Novemba 2023, na jambo hili limo, lakini nani analia akisoma ripoti ya kamati? Kambini dawa ni moja: jikaze, afande.

Mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu iliposema kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kinapingana na Katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Maana yake askari aliyeokolewa angeweza kufunguliwa kesi na wenzake wa kituo kile kile. Vioja Mahakamani wangeifanya kichekesho. Mimi ningetaka ichezwe polepole, bila muziki: konstebo wa kaunta amefungua kitabu, anamuuliza mwenzake waliyekula naye chai asubuhi, “Jina lako kamili?”